Jino, Jina na Mahali

Jino na jina ni maneno yanayotenganishwa na irabu moja tu. Mtunzi wa mashairi huyapenda maneno ya namna hii kwa ajili ya vina, lakini mimi yamenishughulisha kwa sababu nyingine. Niliulizwa swali juu ya jino, nikadhani kazi yangu ni kulitafutia jina. Jina nililipata; na nilipolipata ndipo nilipotambua kuwa kilichokosekana tangu mwanzo kilikuwa kitu cha tatu, nacho ni mahali. Makala haya ni habari ya safari hiyo, iliyoanzia kisiwani kwenye jino la papa ikaishia bara, kwenye meno ya viumbe wengine waliotoweka, upande wa kaskazini wa wilaya ninayoishi.

Mimi ninaishi Endasak, chini ya Mlima Hanang, ambako maji ya chumvi tunayoyajua ni ya Ziwa Balangida. Nilizaliwa kisiwani, lakini biashara ya duka ya marehemu baba yangu ilitupeleka bara nikiwa mtoto wa miaka sita, na huko ndiko nilikojifundisha, bila chuo wala mwalimu, kusoma lugha za watu na kuzifasiri. Kila nipatapo nauli hurudi kumwamkia mjomba wangu, mzee aliyevua samaki tangu ujana wake mpaka macho yalipomkataza. Safari moja, baada ya kahawa, alinitolea kutoka ndani ya kopo la majani ya chai kitu kilichoviringwa katika kitambaa.

"Mpwa wangu," alisema, "wewe umekesha na vitabu miaka yote hii. Hebu niambie, hili ni jino la nani?"

Lilikuwa jino la pembetatu, la rangi ya kijivu inayoelekea weusi, zito kama jiwe, na upana wake ulikifunika kiganja changu. Alipewa na mgeni mmoja, mzamiaji, aliyekaa kwake siku chache zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Lilikuja pamoja na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa wino. Karatasi ililiwa na mende, jino likabaki. Sasa skuli ya kijijini ilikuwa ikitengeneza kabati la vitu vya kale, na mzee alitaka jino lake liwekwe humo, na chini yake paandikwe kwamba ni jino la papa mkubwa wa bahari yetu. Maandishi hayo alitaka niyaandike mimi, kwa hati nzuri. Nikamwomba anipe muda.

*

Kwanza yafaa tujiulize kwa nini papa wa kale hutufikia kwa meno tu. Mla papa anaijua sababu hata kama hajapata kuisoma: papa hana mifupa migumu. Kiunzi chake ni gegedu, kitu laini cha namna ile ya ncha ya sikio letu, na gegedu huoza upesi. Meno yake, kinyume chake, ni magumu, tena ni mengi. Yamejipanga kwa safu, safu nyuma ya safu. La mbele likidondoka la nyuma husogea kuchukua nafasi yake, na papa mmoja katika umri wake huangusha maelfu. Kwa hiyo sakafu ya bahari ya kale ni kama uwanja uliomwagwa mbegu. Mwenye mbegu hayupo, mbegu zipo.

Watu waliyaokota meno hayo kwa karne nyingi bila ya kujua ni nini. Plinio wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba ni mawe yenye umbo la ulimi yanayoanguka kutoka mbinguni wakati mwezi unapofifia. Katika kisiwa cha Malta, ambako yanapatikana kwa wingi, watu walisema ni ndimi za nyoka zilizogeuka mawe kwa ajili ya Mtakatifu Paulo, na wakayavaa kama hirizi ya kukinga sumu. Mwaka 1616 Fabio Colonna wa Italia alionyesha kuwa ni meno ya papa. Nusu karne baadaye, mwaka 1666, wavuvi walimnasa papa mkubwa karibu na Livorno, na kichwa chake kikapelekwa Florence kwa tabibu wa Kidenmark aliyeitwa Niels Stensen. Stensen alikipasua, akayaweka meno yake kando ya yale "mawe," na mwaka 1667 akachapisha hoja yake: huu si ulimi wala si radi, hili ni jino, na kama jino la papa limo ndani ya mwamba wa mlimani, basi mwamba huo ulikuwa tope la bahari kabla haujawa mwamba. Kutokana na swali hilo la jino ikaanza elimu ya kusoma matabaka ya ardhi, la chini likiwa la zamani kuliko la juu.

Kujua kuwa ni jino la papa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kujua ni papa yupi, nayo ndiyo nzito, kwa sababu wale papa wakubwa walikuwa ukoo mmoja na meno yao yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Nilikesha na vitabu vyangu, na kwa ajili ya mzee nikavitafsiri vipengele vinne ambavyo mjuzi huvitazama. Cha kwanza ni ukingo wa jino: ni laini kama wa kisu au una vijino kama wa msumeno? Cha pili ni vipembe viwili vidogo vinavyotokeza chini ya jino, kimoja kila upande, nikaviita visikio. Cha tatu ni ukanda wenye umbo la herufi V unaopita baina ya sehemu ya kung'atia na mzizi. Cha nne ni mzizi wenyewe: ni mnene au mwembamba, na mikono yake imetanuka kiasi gani?

Kwa vipengele hivyo ukoo unasomeka hivi. Mkongwe wao, Otodus obliquus, aliyeishi miaka milioni 60 hadi 50 hivi iliyopita, alikuwa na jino lenye ukingo laini na visikio vikubwa. Baada yake, katika kipindi cha Eosini, alikuja auriculatus, ambaye jina lake lenyewe maana yake ni "mwenye masikio." Huyu ana visikio vilivyo wazi, na ukingo wake umekwisha kuwa msumeno. Katika Oligosini akafuata angustidens, "jino jembamba," naye ana msumeno uliopangika vizuri zaidi na visikio bado vimesimama. Mwanzoni mwa Miosini akaja chubutensis, aliyepewa jina la Chubut ya Argentina. Jino lake ni kubwa zaidi na visikio vyake vimefifia, vimeshikamana na ubavu wa jino. Wa mwisho ni megalodon, "jino kubwa," ambaye Louis Agassiz wa Uswisi alimpa jina katika kitabu chake juu ya samaki wa kale, kilichotoka kwa sehemu kati ya 1833 na 1843. Megalodon mzima hana visikio kabisa. Msumeno wake ni mwororo na wenye kulingana, ukanda wake ni mpana, mzizi wake ni mnene, na meno makubwa kabisa ya aina yake hufika kiasi cha sentimita 18.

Msomaji atasema: basi kazi imekwisha, anayehesabu visikio amefika. Laiti ingekuwa hivyo. Mtoto wa megalodon mara nyingine huwa bado na alama ya visikio ambavyo baba yake hana, kwa hiyo jino la mtoto wa spishi moja huweza kufanana na jino la mtu mzima wa spishi iliyotangulia. Tena katika kinywa kimoja meno hayalingani: ya mbele yamesimama wima, ya ubavuni yameinama, ya nyuma kabisa ni mafupi, ya juu ni mapana, ya chini ni membamba. Mwaka 1909 katika jumba la makumbusho la New York, Bashford Dean aliunda taya ya megalodon ambamo watu wazima waliweza kukaa wakapigwa picha, lakini meno makubwa yalipangwa mpaka pembeni kana kwamba yote ni ya mbele, na taya ikazidi ukubwa kuliko haki yake. Hata leo urefu wa papa huyo hukadiriwa upya kila baada ya muda. Makadirio ya mwaka 2025 yanamfikisha mita 24 hivi.

Ugumu mkubwa zaidi unahusu mpaka baina ya wawili wa mwisho. Nani ni chubutensis na nani ni megalodon? Mwaka 2018 Victor Perez na wenzake walitoa jibu kutoka kwenye majabali ya Calvert, jimbo la Maryland, Marekani, ambako bahari ya kale imeacha matabaka yake yakiwa wazi kama kurasa. Walichukua meno 359, wakatazama kila jino lilikaa wapi katika kinywa na kama lina visikio. Walichokiona si ukuta unaowatenga ndugu wawili. Katika matabaka ya zamani, ya miaka milioni 20 hivi, meno mengi yana visikio na machache hayana. Katika ya katikati mizani inageuka. Katika ya juu, ya miaka milioni 7.6 hivi, visikio havipo tena. Mabadiliko yalichukua zaidi ya miaka milioni 12, polepole, bila siku ambayo mtu angeweza kusema leo amekwisha chubutensis na kesho anaanza megalodon. Mpaka ni wetu sisi tunaoandika majina. Papa wenyewe walizaana tu.

Niliposoma habari hiyo nilisimama kwenye jambo moja. Meno ya megalodon yaliyomo mikononi mwa watu ulimwenguni hayana idadi, lakini waliohesabiwa hapa ni 359 tu. Sharti la kuingia katika hesabu halikuwa uzuri wa jino wala ukubwa wake. Ilitakiwa pawepo mtu aliyeandika limetoka katika tabaka gani. Jino zuri lililookotwa ufukweni bila maandishi lingekuwa pambo, ila lisingeweza kushuhudia lolote.

*

Kuna kosa jingine ambalo wasomaji wa pwani yafaa walijue, kwani wengi tumelelewa nalo. Picha nyingi humwonyesha megalodon kama papa mweupe aliyekuzwa, na Agassiz mwenyewe alimweka katika jenasi ya papa mweupe, Carcharodon, kwa sababu wote wawili wana jino la pembetatu lenye msumeno. Lakini jino la papa mweupe halina ule ukanda, mzizi wake ni mwembamba, na vijino vya msumeno wake ni vikubwa na havilingani. Asili yake imeonekana katika ukoo mwingine, wa papa mwenye jino pana la ukingo laini aitwaye hastalis. Na mwaka 2012 papa wa kale wa Peru, aliyepewa jina la hubbelli, alitangazwa kuwa daraja baina yao, msumeno wake ukiwa umeanza tu kuota. Basi kufanana kwa meno hayo hakukutoka kwa babu mmoja. Kumetoka kwenye kazi moja, yaani kukata nyama ya wanyama wakubwa. Shoka za wahunzi wawili wasiojuana hufanana kwa sababu mti ni ule ule.

Kwa ajili hiyo megalodon alihamishwa kutoka Carcharodon akapelekwa Carcharocles, na siku hizi wengi humwandika Otodus. Majina matatu katika muda usiofika karne mbili, na jino halikubadilika hata chembe.

Inakadiriwa kuwa megalodon alitoweka baharini miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Tarakimu hiyo ilinishtua, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuiona mahali pengine, tena karibu na kwangu. Nyayo za Laetoli, zilizogunduliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 ng'ambo ya nyanda za Mbulu na Ziwa Eyasi, zina umri wa miaka milioni 3.66. Maana yake ni kwamba siku viumbe wale wawili, watatu, walipotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi ya volkano, papa wa mwisho wa ukoo ule walikuwa bado wanaogelea baharini au ndiyo kwanza wanamalizika. Na huko Laetoli nako hadithi haikuanza kwa nyayo. Ilianza kwa jino, na jino hilo lilipewa jina lisilo lake.

*

Mwaka 1935 mtu aliyeitwa Sanimu alimpa Louis Leakey habari za mahali penye visukuku kusini mwa Olduvai. Leakey akaenda, akaokota alichookota, na mkusanyiko ukapelekwa London, katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Miongoni mwake lilikuwamo chonge moja la chini, la upande wa kushoto. Waliolitazama waliliandika kuwa ni jino la nyani, likafungiwa katika droo pamoja na meno ya nyani.

Tusiwahukumu haraka. Chonge la nyani ni refu na kali, linalonolewa kila kinywa kifungwapo. Letu ni fupi na hulika nchani. Lakini wale viumbe wa Laetoli walikuwa katikati ya njia: chonge lao lilikuwa limeanza kupungua bila kuacha sura yake ya zamani, kama visikio vya chubutensis vilivyofifia bila kwisha. Na mwaka 1935 hapakuwa na mengine ya kulilinganisha nalo. Mtu hawezi kumtambua ndugu ambaye hajapata kuambiwa kuwa yupo.

Miaka minne baadaye, 1939, Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen, aliyekuwa akichimba kando ya Ziwa Eyasi na akikusanya pia ngano za makabila ya huko, alipata katika eneo hilo hilo, ambalo yeye aliliita Garusi kwa jina la mto wake, kipande cha taya ya juu chenye magego mawili ya mbele. Kilikwenda Ujerumani, na mpaka leo kimo Tübingen. Mwaka 1950 Hans Weinert aliyaona magego hayo yanafanana na ya kiumbe kilichopatikana Java, Meganthropus, yaani mtu jitu, akakiita Meganthropus africanus. Kwa nguvu ya meno mawili jina likavuka Bahari ya Hindi kutoka Java mpaka Mbulu, bila jahazi wala msimu wa pepo. Mwaka 1955 mwanachuoni wa Kituruki, Şenyürek, akakipa jina jingine, Praeanthropus.

Kisha mwaka 1974 kazi ikaanza upya Laetoli chini ya Mary Leakey, na Maundu Muluila akaokota taya ya chini yenye meno yake, ikapewa alama ya LH 4. Kwa mara ya kwanza palikuwa na vya kulinganisha, na wakati huo huo mifupa mingi ya namna hiyo ilikuwa ikitoka Afar, Ethiopia. Mwaka 1978 Donald Johanson, Tim White na Yves Coppens walitangaza kuwa wote ni spishi moja, wakaiita Australopithecus afarensis. Mary Leakey hakuridhika, akataka jina lake lifutwe katika makala hayo. Utaratibu wa elimu hiyo unataka kila spishi iwe na sampuli moja ya kushikilia jina, kama shahidi wa nikaha, na sampuli iliyochaguliwa ni LH 4. Hivyo basi jina linasema Afar, na jino lililobeba jina ni la Laetoli. Anayesoma jina peke yake atapelekwa Ethiopia. Anayesoma karatasi ya sampuli ataletwa Tanzania.

Na lile chonge la London? Tim White alilitambua likiwa katika droo yake, na mwaka 1981 likatangazwa kuwa si la nyani bali ni la wale wale wa Laetoli. Lilikuwa limekaa chini ya jina la uongo zaidi ya miaka 40. Lililoliokoa ni neno moja ambalo karani fulani aliliandika mwaka 1935 bila kujua thamani yake: mahali lilipotoka.

Pana jino moja zaidi siwezi kuliruka, kwa kuwa linatuhusu watu wa pwani kwa jina. Tarehe 17 Julai 1959, hapo Olduvai, Mary Leakey aliona meno yakichomoza ardhini. Yalikuwa magego makubwa ajabu, na fuvu lenye meno hayo likaitwa Zinjanthropus boisei. Zinj ni jina ambalo Waarabu waliipa pwani yetu na nchi zake; Boise ni tajiri aliyegharimia uchimbaji. Baadaye wataalamu waliyalinganisha magego hayo na ya ndugu zake wa Afrika Kusini, wengi wakaona hastahili jenasi ya peke yake, wakamwandika Paranthropus boisei. Kwa kanuni zao hapana kosa. Lakini mshairi wa pwani ataona kilichotokea: jina la nchi limeondoka, jina la mfadhili limebaki. Afadhali fuvu lenyewe lilirudi Tanzania mwaka 1965, na watu wameendelea kuliita Zinj kwa mapenzi.

*

Haya si mageni kwetu tunaohangaika na mashairi ya kale. Nani kati yetu hajakutana na shairi lenye majina matatu ya watunzi, kila mji ukidai wake? Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah na W. E. Taylor waliyakusanya na kuyaandika katika karne ya 19, wakingali wapo waliojua lipi ni lake. Beti ngapi nyingine tamu zimebaki midomoni, bila mji, bila mwaka, bila tukio lililozizaa! Tunaweza kuzipa jina lolote na hakuna atakayetusuta, kwa sababu hakuna lililobaki la kutusutia.

Ndipo nilipolipata jambo la kumwambia mjomba. Jina likikosewa hurekebishika. Nyani wa 1935 amekuwa kiumbe wa Laetoli, jitu la Java limerudishwa kwao, papa mweupe mkubwa amekwenda kwenye ukoo wake. Mahali pakipotea hapana droo ya kufungua. Sisi wa Hanang, tuliouona mlima ukiteremsha tope tarehe 3 Desemba 2023, hatuhitaji kufundishwa jinsi ardhi inavyozika vitu kwa saa moja. Ardhi ikizika huhifadhi vitu pale pale ilipovikuta. Mkono wa mtu ndio unaovihamisha bila kusema vilikotoka.

Niliporudi kisiwani nililiweka jino juu ya mkeka, tukalisoma pamoja, yeye kwa vidole na mimi kwa macho. Alipapasa ukingo akausikia msumeno, mwororo na sawasawa. Alitafuta visikio, hakuviona. Alipitisha ukucha juu ya ukanda mpana, akaupima unene wa mzizi. "Hana masikio huyu," alisema, "basi ni yule wa mwisho." Nikamwambia, ndiye.

"Basi andika: papa mkubwa wa bahari yetu."

Nikamwambia, "Shikamoo yako Mjomba, lakini hilo siwezi." Nikamweleza habari ya droo ya London. Nikamwambia kwamba yule karani aliandika jina lisilo na mahali pa kweli, na kwa hilo la pili kosa la kwanza likasameheka. Na kwamba sisi, tukiandika jina la kweli na mahali pa uongo, tutawapa watoto wa skuli kitu ambacho hakuna atakayeweza kukisahihisha baada yetu.

Alinyamaza kitambo. Najua alichokuwa akikipima. Kwa miaka thelathini aliwasimulia wajukuu kwamba mnyama yule alipita nje ya mwamba wetu, na hadithi ilikuwa nzuri. Kisha akacheka, akasema mvuvi akiulizwa samaki kamvua wapi hasemi kweli, lakini akiulizwa na mwanawe anayerithi chombo, humwonyesha.

Tukaandika hivi, kwa wino wa kudumu, na nakala tukaitia ndani ya kopo lenye kifuniko ili mende wasiifikie: "Jino la papa mkubwa wa kale aitwaye megalodon. Zawadi ya mgeni mzamiaji. Mahali lilipotoka pameandikwa katika karatasi iliyopotea." Chini yake nikaweka jina la mzee, jina la kijiji, na tarehe.